Mwenye Sauti Ndogo Akae Mbele

Wimbo ulionifanya nitafute namna ya kurekodi mazoezi ya bendi yetu ulikuja Ijumaa usiku, saa tatu kasoro, tukiwa tumeshaanza kukunja nyaya. Mpiga gitaa wetu wa solo alikuwa akijaribu tu kama waya wake umepona, akaangukia kijimstari fulani kinachopanda na kurudi. Mpiga besi akamdaka, dramu zikaingia, na kwa dakika kama kumi na tano hakuna aliyekumbuka kwamba mwenye chumba anangoja funguo zake. Simu yangu ilikuwa juu ya ampli yangu, kile kikuza sauti cha gitaa, imewashwa inarekodi. Tulienda nyumbani tukijua tuna wimbo.

Kesho yake, nikiwa kwenye matatu Barabara ya Jogoo, nikaweka spika za masikioni nisikilize. Nilichosikia ni mvua ya matoazi. Besi haikuwepo kabisa. Gitaa langu, ambalo ampli yake ilikuwa chini ya simu, lilikoroma kama pikipiki iliyotobolewa ekzosi. Dramu ya mguu ikipigwa, kila kitu kingine kinazama, kisha kinarudi polepole, kinazama tena. Huo mstari wa solo ulikuwa mahali fulani humo ndani, ila huwezi kuufikia. Tulipokutana Jumatatu, mpiga solo alijaribu kuutafuta kwa nusu saa, jasho likimtoka. Hakuupata, na mpaka leo hajaupata.

Simu haikuwa na kosa. Imetengenezwa kunasa mtu anayeongea karibu nayo, na ikiachwa kwenye mipangilio yake huwa inajiongezea na kujipunguzia sauti yenyewe: ukinong'ona inakuinua, ukipiga kelele inakukandamiza. Mpigie bendi nzima hapo na itahangaika kama mtu anayefungua na kufunga bomba. Halafu kule kuiweka juu ya ampli, hilo ni langu.

Chumba chetu kiko Umoja, Nairobi, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mita nne kwa tano hivi, kuta za mawe yaliyopigwa plasta, juu mabati. Tuko watano: dramu, besi, solo, mimi wa gitaa la ridhimu, na mwimbaji wetu, dada ambaye huwa anakuja na chupa ya maji ya tangawizi na hasira za foleni. Tunapiga benga, ule muziki wa gitaa wa Kenya, iliyochanganyika na vitu vingine ambavyo kila mmoja wetu anavikana. Jirani yetu ni kanisa lenye kesha kila Ijumaa. Nayataja haya kwa sababu ilinichukua mwaka mzima na pesa nyingi kuelewa kwamba hayo ndiyo maswali ya kwanza ya kujiuliza kabla ya kuuliza ninunue maiki gani.

Nilianza kwa kununua. Nikashuka Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, nikatoka na kitu kimeandikwa Shure SM58, bei ya shilingi 1,800, kwenye sanduku zuri kabisa. Kila mtu aliyewahi kusimama jukwaani anaijua ile maiki. Imekuwa sokoni tangu 1966, na ndugu yake SM57, iliyoitangulia mwaka mmoja, ndiyo ile inayoonekana mbele ya marais wa Marekani wanapohutubu. Nilijisifu sana. Mwimbaji wetu aliimba beti moja, akaitazama ile maiki, akasema, "Mbona nasikika kama tangazo la mnada?"

Nilikuwa nimesoma kwamba SM58 halisi ina uzito wa gramu 298. Tukaipeleka kwa mwenye bucha wa kona. Aliiweka kwenye mizani bila kuuliza neno, kana kwamba watu humletea maiki kila siku, na mshale haukufika 200. "Hii ni sehemu gani ya ng'ombe?" akauliza mteja mmoja. Uzito peke yake haushuhudii kila kitu, maana wapo wajanja wanaotia chuma ndani. Ila kama ni nyepesi kama kijiko cha plastiki, na ukiibadilisha mkono inanguruma kwenye spika, basi umeshaelewa. Hiyo maiki bado ninayo. Inafaa kuita watu chakula.

Baada ya hapo nikaingia kichaa cha pili, na hiki ndicho ninachoona wengi wakiingia: kila chombo na maiki yake. Rafiki yangu mmoja ni fundi wa mitambo ya kanisa, akaniazima maiki nane, stendi, nyaya, na intafesi ya chaneli nane ya kuunganisha na laptopu. Tulikuwa tumelipia saa tatu za chumba. Saa moja na nusu iliisha nikiwa natambaa sakafuni. Maiki ya sneya (ile dramu ndogo yenye mlio mkali), ya dramu ya mguu, mbili juu ya matoazi, ya solo, ya ridhimu, ya besi, ya mwimbaji. Watu wamekaa juu ya viti wanakula mandazi. Nilipomaliza na kusema "haya, tupige tu chochote," hakuna aliyekuwa na chochote. Walipiga kwa adabu, kama watu walio mbele ya hakimu.

"Sasa hii ni albamu ama ni mazoezi?" mwimbaji akauliza. Sikumjibu, na swali lake lilinikera wiki nzima kwa sababu lilikuwa swali zuri.

Nyumbani nikafungua zile faili nane. Maiki ya mwimbaji ilikuwa na dramu nyingi kuliko mwimbaji. Ya solo ilikuwa na besi. Ya besi ilikuwa na kila mtu. Nikidhani nitazichanganya zipatane, nikaziwasha zote kwa pamoja, na sneya ambayo ilikuwa na mlio mkali ikageuka bati lililopigwa ndani ya maji. Sababu yake si uchawi. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo kila mita moja ni kama milisekunde tatu. Sneya ile ile inafika kwenye maiki yake mara moja, kwenye maiki ya mwimbaji baada ya milisekunde sita, kwenye ya besi baada ya tisa. Ukizijumlisha, mawimbi mengine yanasaidiana na mengine yanafutana, na kinachobaki ni sauti iliyotafunwa. Mafundi wana kanuni yao: umbali kati ya maiki moja na nyingine uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na chombo chake. Kanuni nzuri. Sasa ipeleke kwenye chumba cha mita nne kwa tano chenye watu watano na ampli tatu.

Nilihangaika na zile faili siku sita. Nilipowatumia wenzangu, aliyesikiliza ni mmoja, naye alisikiliza sehemu yake.

Kichaa cha tatu kilikuwa cha ubora. Mtu aliniambia maiki za kondensa ndizo zinazosikia vizuri, na hakudanganya. Tatizo ni kwamba zinasikia. Nilinunua jozi moja iliyotumika, ndogo nyembamba kama kalamu za ubao. Hizi haziendi bila umeme wa volti 48 unaopanda kupitia waya uleule wa maiki, mafundi huuita fantomu, kwa hivyo nikahitaji pia miksa ya kuchomekea maiki, na miksa ikahitaji stima. Jaribio la kwanza stima ilipotea dakika ya ishirini. Jaribio la pili ilikuwa Ijumaa, na nilipata rekodi safi sana ya kesha ya jirani. Jaribio la tatu mvua ya Aprili ilianguka juu ya mabati, na hapo hata mimi sikutaka kulaumu mtu.

Katikati ya hayo yote nilibandika trei za mayai ukutani. Nakiri. Mwenye chumba alizipenda, zilifanya pawe na sura ya studio. Lakini karatasi nyepesi hivyo haizuii sauti kutoka wala kuingia. Inapunguza kidogo mlio wa juu, basi, na yale mawimbi ya besi yanayojikusanya kwenye kona yanaipita kama hayajaiona. Kilichotusaidia kilitoka soko la Gikomba: blanketi nzito za mitumba nne na kipande cha zulia. Tulizitundika ukutani nyuma ya dramu na kwenye ukuta unaozitazama, tukiacha nafasi ya kiganja kati ya blanketi na ukuta. Chumba kikatulia. Kama ningeanza upya na nikawa na shilingi elfu tatu tu, ningekwenda Gikomba kabla ya Luthuli.

Kilichobadilisha mambo nilikiazima bila matumaini. Jamaa mmoja anayepiga video za harusi alikuwa na kinasa sauti cha mkononi, Zoom H4n, kile chenye maiki mbili ndogo juu zilizopishana kama vidole vilivyokunjwa kwa bahati njema. Kinatumia betri mbili za AA. Hakuna laptopu, hakuna kutambaa. Nikakiweka juu ya stendi katikati ya chumba, nikabonyeza, tukapiga.

Ilisikika vibaya, lakini ubaya wake sasa ulikuwa na maana. Nilisikia chumba chetu jinsi kilivyo: dramu kubwa mno, mimi mkubwa mno, mwimbaji yuko mbali, besi kama inapigwa kwa jirani. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na kitu cha kuchanganya. Maiki mbili zilizokaa pamoja hazina ugomvi wa milisekunde, sauti inazifikia karibu wakati mmoja. Ukitaka besi iongezeke, huna kitufe. Unainuka unamsogeza mpiga besi.

Na hivyo ndivyo tulivyofanya, wiki baada ya wiki. Kwanza nilizima ile hali ya kujirekebisha sauti yenyewe, nikaweka kiwango kwa mkono, tukipiga kwa nguvu zetu zote kipimo kiishie karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, kikomo ambapo sauti hupasuka. Ukirekodi kwa biti 24, yaani kwa undani mkubwa, huna haja ya kukimbilia juu. Kilichorekodiwa chini kidogo unaweza kukiinua baadaye, kilichopasuka kimepasuka. Kisha nikavaa hedfoni nikazunguka chumba na kile kidude mkononi wenzangu wakipiga. Mpiga dramu alisema nafanana na mtu anayetafuta mtandao. Lakini inashangaza: hatua moja kuelekea kona na besi inavimba kama ugali ulioachwa motoni, hatua moja nyuma inapotea. Mahali petu palipatikana si katikati ya chumba. Ni theluthi moja kutoka mlangoni, juu kidogo ya kichwa cha mtu, kinasa kikiwa kimezipa dramu mgongo kiasi, si kuzitazama ana kwa ana.

Halafu watu. Ampli ya mpiga besi ikaja mbele. Spika ya mwimbaji tukaigeuza ielekee kinasa sauti. Dramu zikarudi nyuma mpaka kwenye blanketi. Mimi niliambiwa nipunguze.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ugomvi ulikuwa mkubwa. Nilikuwa na hakika sipigi kwa sauti. Miaka yote nilikuwa nikijisikia kwa shida. Mpiga besi akanichezea rekodi tatu mfululizo, zote nasikika mimi tupu, akasema, "Buda, wewe ndiye unakula besi yangu." Niliposimama nilipokuwa nikisimama siku zote, ampli yangu ikiwa chini sakafuni, ndipo nikaelewa. Spika ya gitaa humulika kama tochi, hasa ule mlio wa juu. Yangu ilikuwa ikiyamulika magoti yangu, na magoti hayana masikio. Wenzangu waliokaa ng'ambo ndio waliokuwa wakipigwa na mwanga wote. Tukaiinua ampli juu ya kreti mbili za soda na kuiegemeza inielekee usoni. Nilipiga nota moja nikashtuka mwenyewe, nikapunguza karibu nusu. Hakuna maiki ya bei yoyote ambayo ingetatua hilo.

Sauti ya mwimbaji ndiyo iliyobaki na shida. Kupitia spika ilisikika, lakini maneno yalikuwa na ukungu. H4n inaweza kurekodi njia nne kwa mpigo: maiki zake mbili na nyingine mbili kutoka nje. Kwa hiyo tukavuta waya kutoka kwenye miksa ndogo ya mwimbaji mpaka kwenye kinasa, sauti yake ikawa na faili yake safi, nikawa naiongeza kiasi nikifika nyumbani. Maiki anayoimbia sasa ni SM58 ya kweli, tuliichangia pesa watu watano na tukaipima kwa mwenye bucha. Kwa mazoezi ya chumba kidogo mimi ni mtu wa dainamiki mdomoni, maiki za aina ya hiyo SM58, sitaki kusikia habari za kondensa hapo: dainamiki ikiwa mdomoni inanasa zaidi kilicho karibu nayo, inavumilia mate, vumbi na kuangushwa. Njia ya nne tumeijaza na SM57 ya kuazima mbele ya dramu ya mguu, na wiki nyingine inakaa mbele ya ampli ya besi. Bado tunabishana.

Kile kinasa nilikinunua baadaye kwa yule jamaa wa harusi. Mambo mengine ya kazi ni madogo. Betri mpya mfukoni. Saa moja ya stereo kwa biti 24 inakula karibu GB 1, kwa hivyo ukirekodi njia nne zidisha mara mbili. Mtu mmoja, si kila mtu, ndiye anayefuta na kuita faili majina siku hiyo hiyo, la sivyo utakuwa na faili arobaini na hujui wimbo uko wapi. Na kinawashwa tukiingia, kinazimwa tukitoka. Hakuna kusema "haya, tunarekodi." Tangu siku ile ya maiki nane naliogopa hilo neno.

Nilidhani nimemaliza masomo mpaka mpiga solo alipomleta mzee wa nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo. Ni jirani wa mjomba wake, alikuwa amekuja Nairobi kwa shughuli ya familia. Watu husema gitaa la benga limejifunza kutembea kutoka kwa nyatiti, na sisi huwa tunasema hivyo pia tukihojiwa na marafiki, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kukaa chumba kimoja na nyatiti. Mzee aliingia, akasalimia kila mmoja kwa mkono, akaangalia ampli zetu juu ya kreti, akaangalia blanketi za Gikomba, akaomba kigoda kifupi.

Nyuzi nane. Pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ile wanayoiita oduong'o, inayogonga ukingo wa chombo. Gara, zile njuga, zimefungwa mguuni. Mtu mmoja ni bendi nzima, na bendi hiyo nzima ni ndogo kuliko ampli yangu ikiwa imewashwa tu bila kupigwa.

Nilianza ujinga wangu wa zamani. Nikampelekea ile SM57 karibu na chombo, ikanasa nyuzi na kuupoteza mguu. Nikaishusha chini, ikanasa mguu na kuzipoteza nyuzi. Nikakumbuka zile kondensa zangu mbili kwenye begi, nikaanza kutafuta waya. Mzee alikuwa akinitazama kwa subira.

"Jaduong', samahani, dakika moja tu," nikamwambia.

"Kijana," akasema, "hicho kilicho juu ya mti hapo kinasikia?"

"Kinasikia."

"Basi nipeleke kwake."

Tulibeba kigoda mpaka chini ya kinasa sauti, tukashusha stendi mpaka usawa wa kifua chake, hatua mbili kutoka kwake. Mpiga besi akarudi nyuma alikotoka. Solo na mimi tukazigeuza ampli ziangalie ukuta wenye blanketi. Mpiga dramu aliweka vijiti chini akachukua brashi, kisha akaziweka brashi nazo akapiga kwa vidole. Tulipiga hivyo, tukimsikia mzee kwanza na sisi wenyewe baadaye, kama dakika nane. Sijawahi kupiga kwa utulivu hivyo maishani.

Nikampa hedfoni asikilize. Alifumba macho. Sisi tukasimama tumemzunguka kama watoto waliovunja kitu. Alipofika katikati akainua kidole.

"Gara imekuwa kubwa kuliko mdomo wangu," akasema. Akavua hedfoni, akakisogeza kigoda nyuma shubiri moja, akakaa, akalinyoosha shati lake. "Tuanze tena."